Papilio dardanus: kipepeo aliyehesabiwa kuwa spishi nne

Katika karne ya 18 masanduku ya wadudu waliokaushwa yalikuwa yakifika Ulaya kwa meli kutoka pwani za Afrika. Mtaalamu alifungua sanduku, akamtoa kipepeo, akampima, akamchora, kisha akampa jina la Kilatini. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1776 kwa kipepeo mkubwa wa rangi ya njano hafifu, mwenye kingo nyeusi na mikia miwili nyuma ya mabawa, ambaye leo tunamwita Papilio dardanus. Mwaka uliofuata mtaalamu mwingine, pasipo kujua, alimwita merope, na jina hilo likakaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu.

Wengine nao waliandikishwa kwa utaratibu huohuo. Cenea alikuwa mweusi, ana madoadoa meupe na kipande cha rangi ya udongo kwenye mabawa ya nyuma. Hippocoon alikuwa mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Trophonius, aliyeandikwa mwaka 1842, alikuwa wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa zikiwa nyeusi na utepe mweupe ukikatiza. Hawa watatu hawakuwa na mikia. Ukiwapanga kwenye kabati pamoja na merope, hutaona sababu yoyote ya kuwadhania ndugu. Kila mmoja alipata safu yake, kibandiko chake na pini zake.

Nataka kueleza ilivyogundulika kwamba wote ni spishi moja, kwa sababu naona kisa hiki ndicho kinachofundisha vizuri zaidi jinsi elimu ya vipepeo inavyofanya kazi. Jibu halikutoka kabatini. Lilitoka kwa watu waliokaa karibu na misitu, wakaokota mayai na viwavi, wakawalea.

Aliyeanza kushuku ni Roland Trimen, Mwingereza aliyehamia Rasi ya Tumaini Jema akiwa kijana, akafanya kazi serikalini mjini Cape Town na baadaye akawa mkuu wa Makumbusho ya Afrika Kusini. Alipowapitia merope wote wa Afrika bara alioweza kuwaona, akakuta ni madume watupu. Alipowapitia cenea, hippocoon na trophonius, akakuta ni majike watupu. Madume walikuwa hawana majike, na majike wa aina tatu walikuwa hawana madume, nao wote waliruka katika misitu ileile. Kisha kulikuwa na Madagaska. Kule aliishi kipepeo aliyefanana sana na merope, akiitwa meriones, na yeye alikuwa na jinsia zote mbili. Jike wake alikuwa wa njano na mwenye mikia kama dume, ila alikuwa na mstari mweusi wa ziada kwenye ukingo wa mbele wa bawa.

Kutokana na hayo Trimen alitoa hoja mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wataalamu wa viumbe, mwaka 1868, ikachapishwa mwaka uliofuata: vipepeo hawa ni dume mmoja na majike wake wenye sura mbalimbali. Na kila sura ya jike inaiga kipepeo wa jamii nyingine kabisa, ambaye ndege hawamtaki.

Wazo la kuiga halikuwa lake. Henry Walter Bates, aliyekaa miaka kumi na mmoja katika misitu ya Amazon, alikuwa amelichapisha mwaka 1862. Wapo vipepeo wenye sumu au ladha mbaya, nao huruka polepole, wazi wazi, kwa rangi zinazoonekana mbali. Ndege anayemuonja mmoja hujuta na kuwaepuka wote wanaofanana naye. Hapo kipepeo asiye na sumu akitokea kufanana nao japo kidogo, ataachwa pia. Kizazi hadi kizazi, wanaofanana zaidi ndio wanaopona kuzaa, na mfanano unakolea.

Kwa Afrika Mashariki mfano wa mwenye sumu ni Danaus chrysippus, yule kipepeo wa rangi ya machungwa anayeonekana karibu kila mahali, shambani, kando ya barabara, hata kwenye bustani za mjini. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe unaofanana na maziwa, na ndani ya utomvu huo mara nyingi mna kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Jamaa zake wa jenasi ya Amauris, weusi wenye mabaka au madoa meupe, nao hawaliki kirahisi. Trophonius anamuiga Danaus chrysippus. Hippocoon anamuiga Amauris niavius. Cenea anawaiga Amauris wenye madoa madogo, hasa Amauris echeria na Amauris albimaculata.

Kwa mbali huwezi kuwatenganisha, na mwendo wao wa kuruka kwa utulivu hausaidii. Karibu kabisa, kipepeo akitua kwenye ua au jani, zipo njia mbili. Kwanza hesabu miguu. Danaus na Amauris husimama kwa miguu minne, kwa kuwa miwili ya mbele imesinyaa na kukunjwa kifuani. Papilio husimama kwa miguu yote sita. Pili, ukimshika, mwili wa Danaus ni mgumu kama ngozi ya kiatu. Ndege akimuuma na kumtema, mara nyingi huruka akaenda zake. Jike wa Papilio dardanus ana mwili laini, na akibanwa hivyo hufa. Amevaa rangi za mwenzake bila ule ugumu.

Hoja ya Trimen iliwakera wengi. William Hewitson, tajiri wa Surrey aliyekuwa na mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya vipepeo duniani, aliikataa waziwazi. Na ukijiweka mahali pake utamwelewa: aliambiwa amwondoe hippocoon kwenye safu yake amweke chini ya merope, na ushahidi wote ulikuwa ni kukosekana kwa kitu fulani. Kwamba hakuna jike wa merope aliyewahi kuonekana bara si uthibitisho kwamba jike wake ni hippocoon.

Mwaka 1874 mambo yalibadilika. Mkusanyaji wa Hewitson mwenyewe katika kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa leo Bioko, alimpelekea vipepeo wawili waliokamatwa wakiwa wameungana katika kupandana. Dume alikuwa merope, na jike alikuwa hippocoon. Mwaka huohuo zilichapishwa habari za J. P. Mansel Weale, aliyekuwa akiishi kusini mwa Afrika: alikuwa amelea viwavi, na kutoka kwenye pupa zao wakatoka madume wa merope na majike wa cenea.

Bado palikuwa na mwanya wa kubisha. Viwavi waliookotwa porini wanaweza kuwa wamechanganyika. Njia ya kuufunga mwanya huo ni moja: kumkamata jike aliye hai, kumwacha atage, kisha kuwalea watoto wake wote bila kuwachanganya na wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 G. F. Leigh alifanya hivyo mjini Durban. Katika pwani yetu kazi kama hiyo ilifanywa na kasisi K. St. Aubyn Rogers, mmisionari wa Rabai, nyuma ya Mombasa. Vipepeo walipelekwa Oxford kwa Profesa Edward Poulton, aliyekuwa akikusanya ushahidi wa uigaji kutoka kila pembe ya Afrika. Matokeo yalikuwa wazi. Mabinti wa mama mmoja, waliokula majani ya mti mmoja ndani ya chombo kimoja, walitoka na sura tofauti, na kaka zao wote walikuwa wa njano wenye mikia.

Kazi hiyo inahitaji uvumilivu kuliko ujuzi. Jike huwekwa ndani ya wavu pamoja na matawi mabichi ya mti ambao viwavi wake hula. Kwa Papilio dardanus ni miti ya jamaa ya mlimau na mchungwa. Hutaga yai mojamoja, dogo, la mviringo. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege juu ya jani, na akikua anakuwa kijani. Ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa kiungo laini kama pembe mbili, chenye harufu kali ya kufukuza adui. Majani yakikauka, viwavi wanakufa. Ukungu ukiingia, wanakufa. Nyigu wadogo wakipenya kwenye wavu, wanataga ndani ya viwavi, na badala ya kipepeo unapata nyigu. Kila familia iliyokamilika katika majedwali ya Poulton ina jasho la mtu aliyekuwa akibadilisha matawi siku hadi siku.

Baada ya jambo kukubaliwa, maswali magumu ndiyo yakaanza. Kwa nini majike tu ndio wanaiga? Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba jike hubeba mayai, ni mzito, na hulazimika kuruka polepole akitafuta mmea wa kutagia, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya dume. Dume naye huenda anaihitaji njano yake ili atambuliwe, na majike au na madume wenzake anaogombana nao. Mimi naona nusu ya kwanza ya maelezo haya ina nguvu kuliko ya pili, kwa sababu dume wa Papilio dardanus huruka kasi na ni kazi kumfikia hata kwa wavu.

Kwa nini sura nyingi badala ya moja iliyo bora? Hapa hesabu ni rahisi. Wadanganyifu wakizidi wale wenye sumu, ndege atakayeonja kipepeo wa rangi hiyo ana uwezekano mkubwa wa kukuta mlo mtamu, na somo lenyewe linapotea. Sura yoyote ikiwa adimu inalindwa vizuri, ikizidi inaanza kuliwa. Basi jike mwenye sura tofauti, anayeiga mwenye sumu mwingine, anapata nafuu, mpaka wa sura yake nao wawe wengi.

Hilo lingeweza kubaki nadharia nzuri tu kama si Uganda. Geoffrey Hale Carpenter alifika huko mwaka 1910 kama daktari wa serikali ya kikoloni, akapelekwa katika visiwa vya Ziwa Victoria kuchunguza mbung'o wanaoeneza malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wanaokadiriwa kupita laki mbili kando ya ziwa, na serikali iliwahamisha wakazi wa visiwa vya Sese. Carpenter alifanya kazi katika visiwa vilivyoachwa na watu, akiwatafuta mbung'o na kukamata vipepeo. Habari za vipepeo hao zinasimuliwa sana kwa furaha ya ugunduzi. Ni haki kukumbuka kwamba ukimya uliompa nafasi ulitokana na msiba wa wenyeji.

Alichokiona kilimhusu kipepeo mwingine, Pseudacraea eurytus, ambaye naye ana sura nyingi zinazoiga vipepeo wenye sumu wa jamii ya Acraea. Karibu na Entebbe, bara, wenye sumu walikuwa wengi, na waigaji walikuwa wamenyooka: kila mmoja alifanana barabara na anayemuiga. Visiwani wenye sumu walikuwa wachache kuliko waigaji, na hapo waigaji walivurugika. Wengi walikuwa wa katikati, nusu sura hii nusu ile, wasiofanana na yeyote. Pale ambapo ndege hawana somo la kujifunza, hakuna anayewachuja waigaji wabovu.

Kwa Papilio dardanus tofauti kama hiyo ilipatikana kati ya Entebbe na Nairobi. Kwenye mkusanyiko wa Entebbe, ambako vipepeo wenye sumu walikuwa wengi mno, ni asilimia 4 tu ya waigaji walioonekana kuwa na kasoro. Nairobi, ambako wenye sumu walikuwa wachache kuliko waigaji wenyewe, wenye kasoro walifika asilimia 32. Mwanajenetiki E. B. Ford wa Oxford alizitumia takwimu hizo kama ushahidi kwamba uteuzi wa asili unaendelea kufanya kazi, na ukilegea mfanano nao unalegea.

Carpenter alijaribu pia jambo ambalo waliobishana Ulaya walilizungumza bila kulifanya: kulisha. Alimpa tumbili wadudu wa aina nyingi, wenye rangi kali na wenye rangi za kujificha, akaandika anayemla na anayemkataa. Kwa jumla wenye rangi kali ndio waliokataliwa zaidi. Wapo waliosema, na kwa haki, kwamba tumbili si ndege. Majaribio ya uhakika kwa ndege yalikuja baadaye Marekani, ambako Jane Van Zandt Brower mwaka 1958 alionyesha kwamba ndege aliyewahi kuonja kipepeo mbaya humkataa na yule anayemuiga. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, sumu ya moyo ilithibitishwa kwa vipimo vya kemia ndani ya mwili wa Danaus plexippus, jamaa wa karibu wa Danaus wetu.

Sasa turudi kwa swali la urithi, ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi. Inakuwaje mama mmoja azae mabinti wa sura tatu, kila sura ikiwa kamili, bila machotara? Cyril Clarke alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani mjini Liverpool, naye alifuga vipepeo kama burudani. Philip Sheppard alikuwa mwanajenetiki. Walikutana kwa sababu ya vipepeo wa Papilio katika miaka ya 1950, na silaha yao ilikuwa ustadi wa mikono wa Clarke. Vipepeo wengi hukataa kupandana kwenye kizimba kidogo. Clarke alikuwa akiwapandanisha mwenyewe: jike mkono mmoja, dume mkono mwingine, anafungua taratibu vikamatio vilivyo mwishoni mwa tumbo la dume, anaviweka penye ncha ya tumbo la jike, vinabana. Wawili hao huachwa wakining'inia pamoja kwa muda mpaka waachane wenyewe. Kwa njia hiyo aliweza kumchagua baba na mama wa kila familia, hata kama mmoja ametoka Afrika Kusini na mwingine Madagaska.

Walichogundua ni kwamba sura za majike hutawaliwa na sehemu moja tu katika kromosomu, wakaiita H. Sehemu hiyo ina matoleo mengi, karibu kumi, nayo yana ngazi ya ubabe. La hippocoon liko chini kabisa. Jike huivaa sura hiyo ikiwa tu amelirithi kwa baba na kwa mama. Dume naye anayo matoleo yake mawili kama dada zake, lakini hayaonekani mwilini mwake. Anaweza kumrithisha binti sura ya Danaus ilhali yeye mwenyewe ni wa njano maisha yake yote. Hii ndiyo sababu mfugaji hawezi kumjua dume kwa kumtazama. Atamjua kwa kuwaona binti zake.

Kisha wakapandanisha vipepeo wa nchi zilizo mbali, na hapo nidhamu ikavunjika. Mabinti walitoka na sura za katikati, rangi zikiwa zimechanganyika, bila kufanana vizuri na kipepeo yeyote mwenye sumu. Matokeo haya yaliingia katikati ya ugomvi wa zamani. R. C. Punnett, na baadaye Richard Goldschmidt, walisema mfanano ulitokea kwa mruko mmoja wa mabadiliko ya jeni. R. A. Fisher na Ford walisema ulijengwa hatua kwa hatua. Clarke na Sheppard walipata pande zote mbili zina lao: badiliko moja kubwa linampa kipepeo mfanano wa jumla, na baada ya hapo jeni nyingine nyingi ndogondogo, tofauti kila mahali, zinausafisha mfanano huo. Ukimwondoa kipepeo kwenye jeni za kwao, usafi unapotea.

Clarke hakuishia kwa vipepeo. Kwa kuwa alikuwa daktari, aliona mfumo wa urithi wa kundi la damu la Rh unaelekea kufanana na ule wa Papilio, jeni zilizokaribiana zikirithiwa kama fungu moja. Kazi ya kundi lake mjini Liverpool katika miaka ya 1960 ilisaidia kuleta sindano ya anti-D, ambayo mama mwenye damu ya Rh hasi hupewa baada ya kumzaa mtoto mwenye Rh chanya ili mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto atakayefuata. Clarke alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, mwaka 1980 kwa kazi hiyo. Wajawazito wengi wanaochomwa anti-D leo katika hospitali zetu hawajapata kusikia kwamba katika historia yake yumo kipepeo wa misitu ya Afrika.

Tangu 2008 wachunguzi wa DNA wameifuata sehemu ya H mpaka kwenye jeni mbili jirani, engrailed na invected. Hizi si ngeni: kwa inzi wa maabara, engrailed inajulikana kwa kugawa mwili wa kiinitete katika pingili. Kipepeo ameichukua jeni ya kazi hiyo ya zamani na kuitumia pia kupanga rangi za bawa. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba katika baadhi ya sura kipande cha DNA kinachoendesha jeni hizo kimegeuzwa, kichwa chini miguu juu. Kugeuzwa huko kunazuia matoleo mawili yasichanganyane wakati wa kutengeneza mbegu za kiume, na hii inasaidia kueleza kwa nini machotara hawaonekani.

Yapo ambayo bado yanabishaniwa. Nchini Ethiopia wapo majike wanaoiga na majike wenye sura ya dume, mikia na vyote, wakiishi pamoja. Watafiti waliowafuatilia vipepeo hawa wamependekeza kwamba jike mwenye sura ya dume anapata faida ya kutosumbuliwa na madume. Hoja hiyo haijakubaliwa na wote, na haitaamuliwa kwa vipepeo waliokwisha chomwa pini.

Ujuzi wa kulea umebaki mikononi mwa watu wa pwani. Huko Gede nchini Kenya, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 na wakulima wanaoishi kandokando ya msitu hufuga vipepeo ndani ya nyavu na kuuza pupa kwa bustani za maonyesho Ulaya na Marekani. Amani, katika Usambara Mashariki, mradi kama huo ulikuwa ukiwaingizia wanakijiji kipato mpaka Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Mfugaji wa huko anajua ni jike gani anataga kwenye mti gani, na ameona kwa macho yake familia ya mama mmoja ikitoka na rangi zisizofanana. Anayo nyenzo ileile waliyokuwa nayo Leigh na Rogers, na familia nyingi zaidi za kuchunguza. Kinachohitajika ni daftari linaloonyesha mama alikuwa na sura gani, binti wangapi wametoka na sura zipi, na kando ya msitu huo walionekana Amauris na Danaus wangapi mwezi ule.